Nyekundu au ya kijani? Kwanza niambie kuhusu maharage

Ukikaa katika mgahawa wowote wa chakula cha New Mexico, jimbo la Marekani, mhudumu atakuuliza: nyekundu au ya kijani? Anaulizia mchuzi wa pilipili. Si mzaha, maana jimbo hili limelipitisha hilo kuwa swali lake rasmi, kama majimbo mengine yanavyochagua ua au ndege. Ukitaka yote mawili unajibu "Christmas", na sahani inakuja nusu nyekundu nusu kijani. Wenzangu mezani hujibu papo hapo. Anayechelewesha oda ni mimi.

Sili nyama. Nimezaliwa Tanga katika nyumba ya Kiislamu, kwa hiyo nguruwe hakuwahi kuwa mjadala. Ng'ombe, kuku na hata samaki (ndiyo, mtu wa Tanga asiyekula samaki) niliwaacha kwa hiari yangu nilipokuwa mtu mzima, na mama yangu bado anaamini huo ni ugonjwa utakaopona. Sasa naishi Albuquerque, mji wa New Mexico, na hapa ya dini na ya kwangu hukutana kwenye sahani ya maharage.

Maharage yenyewe ni pinto, aina yenye madoadoa. Huchemshwa yakaiva, yakapondwa, kisha yakakaangwa, na mafuta ya asili ya kazi hiyo ni manteca, yaani mafuta ya nguruwe. Huyaoni, na kwa kuonja huwezi kuwa na hakika. Manteca hiyohiyo huingia kwenye unga wa tortilla za ngano (chapati nyembamba za huku; nyingine ni za mahindi), na kwenye tamale, yaani unga wa mahindi uliofungwa kwenye maganda ya mahindi na kupikwa kwa mvuke, hata ile iliyojazwa jibini na pilipili tu. Wali mwekundu ulio pembeni mara nyingi umepikwa kwa supu ya kuku. Mchuzi wa kijani huweza kuwa na vipande vya nguruwe. Ule mwekundu, wa pilipili kavu zilizolowekwa na kusagwa, umenisumbua kidogo zaidi, ingawa nao nauulizia.

Siulizi tena kama chakula kina nyama. Wataniambia hakina, wala hawatakuwa wamesema uongo, kwa sababu kwao nyama ni kipande unachokiona. Nauliza maharage yamekaangwa kwa mafuta gani, na wali umepikwa kwa maji au kwa supu.

Kuna mgahawa mmoja mtaani kwetu ambao mhudumu wake ni mama wa makamo anayemwita kila mteja wa kike mija, yaani binti yangu, kwa Kihispania chao cha huku. Nilipomuuliza, hakukisia; alikwenda jikoni na kurudi na jibu: maharage ni mafuta ya mimea, wali niuache. Akaniuliza, "Ni dini, mija?" Nikamwambia nguruwe ni dini, kuku ni mimi mwenyewe. Akacheka sana. Kisha akanieleza kwamba kwao, Wakatoliki, Ijumaa za Kwaresima bibi yake alikuwa akiwapikia torta, ambayo ni mayai yaliyopigwa mpaka yakaumuka, yakakaangwa na kuzamishwa kwenye mchuzi mwekundu, pamoja na quelites, majani ya porini yanayopikwa na maharage. Kumbe vyakula vyangu vilikuwepo siku zote, vina msimu wake tu.

Siku ile niliagiza enchilada, yaani tortilla zenye mchuzi wa pilipili, za mahindi ya bluu. Hapa tortilla hupangwa moja juu ya nyingine badala ya kukunjwa, katikati jibini na vitunguu, juu yake yai la kukaanga. Nikaongeza calabacitas: mamumunye machanga, mahindi mabichi na pilipili ya kijani. Ninaikubali sahani hiyo kuliko ile fajita ya mboga ambayo migahawa ya aina hii, hasa nje ya New Mexico, humpa kila asiyekula nyama: hoho na vitunguu kwenye chuma kinachotoa moshi, kwa bei inayokaribia ya wenye nyama. Huo ni uvivu wa jikoni. Wapueblo, wenyeji wa asili wa hapa, walilima mahindi, maharage na maboga kwenye ardhi hii muda mrefu kabla ya nguruwe. Nguruwe, ng'ombe na ngano vililetwa na Wahispania, ambao walowezi wao wa kwanza walifika hapa na Juan de Oñate mwaka 1598. Manteca ndiyo mgeni.

Posole ndiyo inayonishinda mgahawani. Ni mahindi yaliyochemshwa na chokaa mpaka ganda likatoka, yakapikwa polepole kwa pilipili nyekundu, lakini karibu kila chungu kina nguruwe. Kwa hiyo naipika nyumbani, natia maharage mahali pa nyama. Nilipomwonyesha mama kwenye simu akasema hayo ni makande, na nimesahau nazi.

Ukipita Albuquerque au Santa Fe kabla ya Pasaka, ulizia sahani za Kwaresima, hata kama hazimo kwenye menyu. Torta utaipata hasa Ijumaa. Ila maharage yanayokuja nayo yaulizie vilevile: Kanisa linazuia nyama siku hiyo, halizuii mafuta yake.