Bakuli la Mtori Usa River, Tukitoka Mlima Meru

Usiku wa pili, kituo cha Saddle, mita 3,570 kutoka usawa wa bahari, tulikuwa tumejikunyata watatu kuzunguka jiko dogo la gesi tukingoja wali uive. Haukuiva. Kwa urefu ule maji yanatokota yakiwa kwenye nyuzi 88 hivi, hayafiki 100, na mchele unabaki na kiini kigumu hata ukiongeza maji mara tatu. Tukaula hivyo hivyo kwa dagaa tuliokaanga nyumbani. Binamu yangu akaweka kijiko chini.

"Nikishuka nataka kuku. Wa kuchoma, mzima, wangu peke yangu."

Basi hapo ndipo habari ya chakula ilipoanza, na haikukatika tena mpaka tunatoka getini. Dada tuliyesafiri naye ni mtu wa Tanga, na yeye aliutaja mchuzi wa samaki wa nazi kwa sauti ya mtu anayemtaja mzazi aliye mbali. Mimi nikasema chipsi mayai na kachumbari ya pilipili. Askari wa hifadhi alikuwa amesimama mlangoni, bunduki begani, anatusikiliza. Yeye ni mwenyeji, Mmeru wa vijiji vya chini ya mlima.

"Mnasema hivyo kwa sababu bado mko huku," akasema. "Mkifika chini, anzeni na mtori. Hayo mengine yatafuata."

Tulimwitikia kwa adabu tu. Hakuna aliyemwamini.

Meru haupandwi bila askari mwenye silaha. Nyati ni wengi, na siku ya kwanza tukitoka geti la Momela tuliwakuta wametanda kwenye uwanda wa majani, twiga nyuma yao, wote wanatutazama. Tulikuwa tumeamua kubeba mizigo wenyewe, bila wapagazi. Begi langu lilikuwa na kilo 16, na kati ya hizo karibu sita ni chakula: mchele, dagaa, karanga, mikate miwili, tambi, asali, sukari na majani ya chai. Njia inapita msituni, chini ya mkuyu mkubwa ambao shina lake limeachana likawa kama lango, na wakubwa husema gari dogo lingeweza kupita pale. Jioni tukalala Miriakamba, mita 2,514. Siku hiyo nilikula vizuri na nikaomba niongezwe.

Kuanzia Saddle mambo yakabadilika. Mtu anayepanda juu sana njaa humkimbia; hewa ikipungua, mwili hauna hamu ya kula, hata kama miguu imefanya kazi ya siku nzima. Na pumzi yenyewe inakukausha, maana hewa ile ni baridi na kavu, kila ukihema unatoa maji. Nilikuwa najua hayo kwa kusoma. Kuyaona kwa kipande cha mkate kinachozunguka mdomoni bila kushuka ni jambo jingine.

Tuliondoka saa saba usiku. Kutoka pale hadi kileleni kuna karibu mita 1,000 za kupanda, na baada ya Rhino Point njia inashika ukingo wa mwamba, kushoto giza, kulia giza, sehemu nyingine unashika mawe kwa mikono. Askari alikwenda mbele kwa mwendo ule ule, hakuongeza wala hakupunguza. Kulipoanza kupambazuka tuliona chini yetu shimo la volkano lililofunguka upande wa mashariki, na katikati yake kilima cha majivu cheusi, kimechongoka, kizuri mno. Mara ya mwisho mlima huu kulipuka ilikuwa mwaka 1910. Kisha jua likachomoza kando ya Kilimanjaro, na Kilimanjaro yenyewe ikawa inaelea juu ya mawingu kama kisiwa. Saa kumi na mbili na nusu tukawa kileleni, mita 4,566, penye kibao cha Socialist Peak. Dada wa Tanga alilia. Hakuwa na huzuni. Alisema tu kwamba hajawahi kuwa mbali hivi na bahari.

Kileleni nilikula karanga saba. Nilizihesabu kwa sababu kila moja ilikuwa kazi.

Siku hiyo hiyo tulishuka hadi Miriakamba, zaidi ya mita 2,000 kwa magoti yale yale, na asubuhi iliyofuata tukawa Momela. Tukaagana na askari. Akanishika mkono, akaniuliza tena: "Mtori, eeh?" Nikamwambia sawa kaka, tumesikia. Akatuelekeza: Usa River, kabla hujafika barabara kuu ya Moshi na Arusha, ulizia hoteli ya mama fulani.

Hiyo hoteli ni chumba kimoja chenye meza nne na vitambaa vya plastiki vya maua. Jikoni ni nje, upande wa nyuma, masufuria matatu juu ya mkaa. Tuliingia na mabegi yetu, tope hadi magotini, harufu yetu naijua mwenyewe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba wanangu. Mmetoka mlimani nyie." Hakuuliza, alitutazama tu usoni. "Kaeni. Nawaleteeni mtori kwanza."

Binamu yangu alifungua mdomo kuulizia kuku, akaufunga.

Mtori, kwa asiyeujua, ni ndizi mbichi zilizopikwa na nyama mpaka vikawa kitu kimoja. Ndizi zenyewe ni mshare, zile nyembamba ndefu, na watu wa huku watakwambia ukitumia ndizi nyingine umepika kitu kingine. Nyama inatakiwa iwe na mfupa, ichemke muda mrefu mpaka supu inashika. Ndizi zikilainika humo ndani, mifupa inatolewa, ndizi zinapondwa kwa mwiko polepole, kitunguu na nyanya vinaingia, wengine wanaweka siagi au maziwa. Haitakiwi iwe nzito kama ugali wala nyepesi kama supu. Ukiinua kijiko idondoke kwa uvivu. Kwa Wachaga ndicho chakula cha mzazi, mama aliyejifungua analishwa huo kila siku mpaka apate nguvu. Niliwahi kuuona nyumbani kwa shemeji yangu, wakati wa mtoto wake wa kwanza, na siku hiyo nikauona ni chakula cha wagonjwa, nikaukataa.

Bakuli lilikuja limejaa hadi ukingoni, pembeni ndimu na pilipili mbuzi moja. Mvuke ulipanda usoni nikafumba macho. Kijiko cha kwanza kilikuwa na chumvi, na ni hapo nilipojua kwamba kwa siku nne mwili wangu ulikuwa unatafuta chumvi, na maji, na kitu laini kisichonilazimu kutafuna. Chipsi zisingepita. Midomo yangu ilikuwa imepasuka kwa upepo, ufizi unauma. Mtori ulipita. Ulishuka taratibu, ukafika tumboni, ukakaa, na joto likaanza kusambaa mgongoni, mabegani, pale kamba za begi zilipokuwa zimechora. Hakuna aliyesema neno. Nilisikia vijiko tu, na redio ya jirani, na mama akikuna nazi nyuma.

Katikati ya bakuli njaa ikafika. Njaa yenyewe, ile ya kweli, iliyonikimbia tangu Saddle. Ilirudi kwa ghafla mpaka mikono ikatetemeka kidogo.

"Mama, naomba kingine."

"Nilishakuwekea, baba," akajibu kutoka jikoni.

Nimeshuka milima mingine baada ya hapo na nimekula vizuri sana. Nimeshatembea Usambara kutoka Lushoto hadi Mtae, na baridi ya kule ikakutana na makande ya moto na chai ya tangawizi, chakula ambacho nitakisifia siku yoyote. Lakini nikiulizwa ni mlo gani ulionikolea kuliko yote baada ya kushuka mlima, najibu huo mtori wa Usa River. Najibu bila kufikiri.

Kuku alipatikana kesho yake jioni, Arusha mjini, kwa Khan. Wenyeji wanapajua: mchana ni duka la vipuri vya magari, jioni wanawasha moto nje barabarani na moshi wa kuku unaita mtaa mzima. Binamu yangu alipata wake mzima, na mishkaki, na naan, na safu ndefu ya kachumbari na saladi ya kujichagulia. Alikula kwa heshima, polepole, bila kuongea na mtu. Alikuwa na haki ya furaha ile. Nami nilikula sana, ila nadhani jioni ile isingekuwa tamu hivyo kama matumbo yetu yasingefunguliwa kwanza na bakuli la jana.

Samaki wa nazi hakupatikana. Dada alisema hataki kumla kwa mtu asiyemjua, atamngoja Tanga. Alikuwa anaondoka asubuhi na basi, na kwa kuwa mabasi ya huko yanapita Usa River, tukamsindikiza kwa daladala alfajiri, tukashukia kwa mama. Masufuria yalikuwa tayari motoni. Tukanywa mtori wa kifungua kinywa, watu wa bodaboda wamejaa meza zote, sisi tumesimama.

Kabla hajaondoka, dada akatoa begini chupa ya chai tuliyopanda nayo mlimani, ile iliyokuwa imebonyea upande mmoja baada ya kuanguka Rhino Point. Akaisuuza vizuri, akampa mama. Mama akaijaza mtori kwa upawa, akafunga kifuniko, akaigeuza kichwa chini kuona kama inavuja.

"Usiifungue mpaka Same," akamwambia. "Pale basi linasimama, ule ukiwa umetulia."