Leza kwenye karakana ya seremala: pale inapofaa na pale isipofaa

Maseremala wenzangu wakiingia karakanani na kuikuta mashine ya leza ikifanya kazi, swali lao la kwanza huwa ni moja: ina wati ngapi? Nawaelewa, kwa kuwa hicho ndicho wauzaji wanachokiandika kwa herufi kubwa, ila kwa mtu wa mbao si swali lenye uzito mkubwa. Mashine ya wati 60 na ya wati 80 zikipewa plaiwudi nzuri ya milimita 3, zote mbili huikata kwa mpito mmoja. Zikipewa plaiwudi mbovu, zote mbili hutoa kipande kilichoungua pembeni na kung'ang'ania katikati. Kinachoamua kazi ni ubao wenyewe, hewa inayopulizwa na moshi unaotolewa, na zaidi ya hayo ni kujua kazi gani ipelekwe kwenye leza na gani ibaki kwa msumeno.

Ninazungumzia leza ya gesi ya kaboni dioksidi, ambayo ndiyo inayotumika zaidi kwa mbao na mabango. Leza ya kwanza kabisa iliwashwa na Theodore Maiman mwaka 1960, na hii ya kaboni dioksidi ikafuata mwaka 1964 kwa kazi ya Kumar Patel katika maabara za Bell nchini Marekani. Mwanga wake hauonekani kwa macho. Urefu wa wimbi lake ni mikromita 10.6, na mbao, karatasi, ngozi na akriliki huufyonza vizuri badala ya kuurudisha. Unatoka kwenye bomba refu la kioo, unaelekezwa na vioo kadhaa, kisha unapita kwenye lenzi inayoukusanya kuwa nukta isiyofika nusu milimita, na hapo mbao inageuka moshi. Msumeno hung'oa mbao na kuacha vumbi. Leza huichoma, na faida zake zote pamoja na kasoro zake zote zinatokana na tofauti hiyo.

Nianze na plaiwudi, kwa kuwa hapo ndipo watu wengi hupoteza fedha. Macho yetu ya useremala yamezoea kutazama sura ya juu: vinia safi, rangi moja, hakuna macho ya mti. Leza haijali sura ya juu. Inajali gundi iliyo kati ya matabaka na viraka vilivyofichwa ndani. Plaiwudi ya matumizi ya nje, ile inayostahimili maji, mara nyingi huunganishwa kwa gundi nyeusi ya fenoli, na gundi hiyo hugeuka mkaa unaoukinga ubao ulio chini yake. Ndiyo maana ubao ambao fundi wa zege anausifu kwa uimara unaweza kuwa balaa kwenye leza, huku plaiwudi nyepesi ya ndani, ambayo mtu wa makabati angeidharau, ikikatika kama karatasi. Kabla ya kununua shiti nyingi mimi huomba kipande, nikakikata miraba midogo sehemu mbalimbali, halafu nikaigonga kwa kidole: inayodondoka yote ni bodi ya kununua, na inayobaki na mraba mmoja au miwili imeshikilia ina viraka vya gundi ndani. MDF, ile bodi ya nyuzi laini za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi, haina tatizo la viraka, lakini moshi wake ni mkali, na gundi yake hutoa formaldehaidi, gesi yenye sumu, inapoungua.

Moshi huo lazima uende mahali. Feni ya kuuvuta na bomba la kuutoa nje ni sehemu ya mashine, si pambo la kuongeza baadaye, vivyo hivyo kompresa au pampu inayopuliza hewa pale pale mwanga unapogusa ubao. Hewa hiyo huzima mwali mdogo unaotaka kushika, huondoa moshi usiyapake masizi maandishi yako, na huikinga lenzi. Ukitaka kuona umuhimu wake, tazama ukingo wa kipande kilichokatwa bila hewa: ni mweusi tii, na ukipitisha kidole unabaki na mkaa. Chenye hewa ya kutosha hutoka na rangi ya kahawia ya mkate uliookwa. Mashine ikiwa kazini mtu asiondoke, hata kwenda kupokea simu nje, na kizima moto kiwe karibu na mkono.

Kuna kitu kimoja kisichoingia kwenye leza hata kwa ajili ya majaribio, nacho ni plastiki ya PVC. Nasema hivi kwa sababu karakana za samani zimejaa PVC bila watu kuitambua: vibao vyepesi vyeupe vya mabango, bodi za dari, na ngozi bandia nyingi za sofa. Ikiungua hutoa gesi ya hidrojeni kloridi, ambayo huumiza mapafu na, ikikutana na unyevu, huwa asidi inayozila reli na skrubu za mashine. Na kwa wale walionunua vimashine vidogo vya mwanga wa buluu kwa kazi za zawadi: kifuniko cha akriliki angavu kinachozuia leza ya kaboni dioksidi hakizuii mwanga wa buluu, hivyo miwani yake maalumu ni ya lazima.

Sisi wa Pwani tuna jambo letu la ziada. Bomba la kioo hupozwa kwa maji, na ndoo yenye pampu, ambayo huonyeshwa kwenye video nyingi za nchi za baridi, haitoshi katika joto la Dar es Salaam au Mombasa. Maji yakipanda mno, nguvu ya leza hushuka na maisha ya bomba hufupika. Inahitajika mashine ya kupoza maji. Hata hivyo, mtu akiiweka nyuzi 15 kwa kudhani kwamba baridi zaidi ni bora zaidi, hewa yetu yenye unyevu itatoa jasho juu ya bomba, na umande kwenye kifaa chenye umeme wa maelfu ya volti ni hatari. Naona afadhali kuyaacha maji chini kidogo tu ya joto la chumba, na waya wa ethi uwe umefungwa kweli kweli, si kuning'inia nyuma ya ukuta.

Mbao nzima zina tabia zake. Paini ya Sao Hill, lile shamba kubwa la miti la Iringa, hukatika kwa urahisi, lakini ukiichora, pete zake laini huzama na zile ngumu hubaki juu, hivyo jina la mteja hutoka na mistari kama ya mbao za kufulia. Mninga huchorwa vizuri zaidi, na rangi ya kuungua hukaa vyema kwenye kahawia yake. Mpingo, kwa uzito na weusi wake, hauonyeshi karibu tofauti yoyote kati ya palipochorwa na pasipochorwa. Nauonea huruma mti huo kila ninapoombwa kuupeleka huko.

Huulizwa pia kama leza inaweza kutoa milango ya Zanzibar. Mlango ule ni kazi ya kina: patasi imeshuka, ikapanda, ikaacha kivuli kwenye kila ua la mfaa, ule mhimili wa katikati ya mlango. Leza inaweza kuchimba kwa tabaka, lakini kwa muda mrefu mno na kwa kuacha masizi kila kona, na matokeo yake ni picha ya nakshi zaidi kuliko nakshi. Panapofaa ni kwenye viunzi vya kimiani vya madirisha na vya pembeni mwa makabati, vile vya matundu mengi yanayojirudia, ambavyo kwa msumeno wa nyuzi vingemaliza subira ya mtu yeyote.

Kwangu mimi, hata hivyo, thamani kubwa ya mashine hii haimo katika kitu anachopelekewa mteja. Imo kwenye vielelezo, yaani vipande vya kufuatishia umbo. Mguu wa nyuma wa kiti wenye mpindo nauchora kwenye kompyuta, naukata kwenye MDF ya milimita 6, kisha nakifunga kielelezo hicho juu ya mbao ya mninga, naondoa ziada kwa msumeno wa mkanda, na ruta, mashine ya mkono ya kuchonga kingo, yenye biti ya beringi inafuata ukingo wa kielelezo. Miguu yote hutoka sawa, na mninga haujaguswa na moto, hivyo gundi hushika vizuri, tofauti na kwenye ukingo wenye mkaa.

Kazi hiyo inadai hesabu ya upana wa mkato. Leza ikikata mstari wa milimita 0.2, nusu yake inaliwa kila upande: ulimi uliochorwa milimita 20 hutoka 19.8, na tundu lake lililochorwa milimita 20 hutoka 20.2, kwa hiyo kiungo kinacheza milimita 0.4, na kisanduku kizima kinalegea. Programu nyingi zina sehemu ya kusogeza mstari kwa nusu ya upana huo, nje kwa kipande na ndani kwa tundu. Unene wa bodi nao upimwe kwa kalipa, kwani plaiwudi inayouzwa kama milimita 3 mara nyingi haifiki 3, na shiti mbili za rundo moja zinaweza kutofautiana. Kwenye kila kielelezo nachora kwa leza hiyo hiyo jina la kiti, upande wa juu na upana wa mkato uliotumika, kisha natoboa tundu la kukitundikia ukutani, ili mteja akirudi kutaka viti vingine viwili kama vile vya kwanza, fundi yeyote aliyepo aweze kuanza kazi bila kunisubiri.