Nilivyoizoea "consenso" ya Kihispania

Kihispania changu kilienda muda mrefu na neno moja tu la makubaliano: acuerdo. Watu walinielewa, nami sikujisumbua kutafuta jingine. Nilipoanza kusoma magazeti ya Madrid ndipo consenso, yaani makubaliano ya kundi zima, ikaanza kunisumbua, maana kwenye habari za siasa haikosekani.

Kamusi ilinipa maana, lakini kilichonifungua macho ni video za Mei 2011, waandamanaji walipopiga kambi Puerta del Sol, uwanja wa katikati ya Madrid. Mabaraza yao yaliamua por consenso. Anayeunga mkono hoja aliinua mikono na kutikisa viganja, kimya kimya. Anayepinga alipishanisha mikono juu. Wapinzani wakijitokeza, hoja ilirudi kujadiliwa. Inachosha, sikatai, ila nilielewa: hapa hakuna kura ya wengi kuwashinda wachache. Wala si unanimidad, ambapo wote wanasema ndiyo. Kwenye consenso mtu anaweza kubaki na dukuduku lake, mradi hazuii wenzake.

Acuerdo inawatosha watu wawili, mwenye nyumba na mpangaji wake. Consenso inataka kundi. Ndiyo maana Wahispania huitumia sana wanapozungumzia Katiba yao ya 1978: wakomunisti waliukubali ufalme, wahafidhina wakakubali mikoa ijitawale, na hakuna aliyeondoka na kila alichotaka.

Kulitumia ilikuwa kazi nyingine. Nililikariri pamoja na vitenzi vyake: buscar (kutafuta), alcanzar (kufikia), romper (kuvunja), na hasa llegar a un consenso (kufikia consenso). Kwenye kikundi chetu cha mazoezi niliandika: "Decidimos por consenso cambiar la hora", yaani tuliamua kwa consenso kubadilisha saa. Likapita bila kusahihishwa. Lakini ukikubaliana na mwenzako usiseme "estoy de consenso", hakuna kitu hicho. Ni estoy de acuerdo, nakubaliana. Kitenzi ni consensuar, nacho hushika jambo moja kwa moja: consensuar un texto, kukubaliana juu ya maandishi.

Tahajia ina mtego. Amerika ya Kilatini c na s mbele ya e hutamkwa sawa, kwa hiyo hata wenye lugha yao huandika "concenso", labda kwa kulifikiria censo, yaani sensa. Mimi hukumbuka consentir, kuridhia, na s inakaa mahali pake.

Ninalolipenda zaidi siku hizi ni candidato de consenso, mgombea wa consenso: yule ambaye hakuna kambi iliyomtaka kwanza, ila zote zinaweza kumvumilia.