Kumwahi Popi kabla bega halijagusa chini

Mvua ilikuwa imeanuka alfajiri, na ardhi mbichi hupandisha harufu kuliko kavu. Mbwa wangu Popi, mpenda kujigaragaza kwenye vitu vinavyonuka, alikuwa ametangulia, kamba ya mita 10 ikiburuzika nyuma yake. Nilikuwa nimeifunga kwenye mkanda wa kifuani, si wa shingoni, kwa sababu mbwa akitimka na kamba ndefu ikamkaza ghafla, kishindo chote humwishia kooni.

Kando ya njia pua yake ikashuka. Akapunguza mwendo, akazunguka pale pale, akanusa kwa pumzi fupi fupi, kisha akalaza kichwa upande. Hapo ndipo pa kumwahi. Kujigaragaza huanza na shavu, shingo ikafuata, halafu bega linalala na mwili mzima unapinduka. Bega likishafika chini, kelele hazisaidii, na ukimkimbilia atadhani mmeanza mchezo.

Nikasema "Acha!" mara moja, kwa sauti ya kawaida. Neno hilo alilijulia ndani ya nyumba, kwa kipande cha chakula kilichofumbatwa ngumini. Analamba, anakwaruza, ngumi haifunguki. Akiondoa pua tu, anapewa kitamu zaidi kutoka mkono wa pili. Kile cha ngumini hapewi kamwe, asije akaona kuacha ni kusubiri tu. Baadaye tulihamia chakula kilichokanyagwa kwa kiatu, kisha nje akiwa kambani. Wengi hukwama kwa kuruka hatua: neno limefundishwa jikoni, kesho yake linajaribiwa kwenye mzoga.

Akainua kichwa, akaja. Nikampa ini la kuchemsha, kimoja kimoja, vipande kadhaa mfululizo. Biskuti kavu haishindani na panya aliyeoza. Kisha nikafupisha kamba, tukapita mbali.

Mbele kidogo kamba ilinasa kichakani, na nilipokuwa nikiinasua akapata kinyesi cha mbweha. Shavu na shingo, upande mmoja. Sikumgombeza. Utamu ameshaupata, na adhabu inayokuja baadaye humfundisha kukukwepa tu. Mbwa mwitu nao hujigaragaza kwenye uvundo. Wengine husema wanaficha harufu yao, wengine wanapelekea kundi habari. Kwa anayeshika kamba, jibu lolote kati ya hayo halipunguzi kazi.

Nyumbani nilivaa glavu, nikafuta uchafu kwa karatasi kavu kwanza, maana ukianza na maji unausambaza hadi kwenye ngozi. Halafu nikachanganya dawa ambayo mkemia Paul Krebaum aliitoa mwaka 1993 kwa ajili ya harufu ya kicheche: lita 1 ya haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, robo kikombe cha bekingi soda, kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Oksijeni yake huzigeuza kemikali zinazonuka, haizifuniki. Nikapaka mbali na macho na mdomo, nikaacha dakika 5, nikasuuza kwa maji vuguvugu. Huweza kufifisha rangi ya manyoya meusi, lakini Popi ni wa kahawia hafifu. Shampuu ya manukato sikuigusa. Mbwa wengi wakishapakwa manukato hukimbilia kujigaragaza upya.

Kilichobaki nilikimwaga. Mchanganyiko huo hutoa gesi muda wote, na ukiufungia kwenye chupa, chupa hupasuka.