Kumbukumbu ya mradi: kuhamia programu mpya ya baruapepe

Jumamosi. Barua zote za zamani zimeingia kwenye programu mpya kupitia faili la mbox, yaani faili moja la maandishi linalobeba barua nyingi zikifuatana. Orodha inapendeza, lakini ukifungua barua za miaka ya nyuma unakutana na "ngâ€™ambo" na "ngâ€™oa". Wengi hukimbilia kubadilisha fonti, ambayo haihusiki kabisa. Nilifungua chanzo (maandishi ghafi) cha ujumbe mmoja, nikakuta hivi:

ng=E2=80=99ambo

Barua yenyewe ni nzima, basi. E2 80 99 ni baiti tatu za UTF-8 (usimbaji, yaani njia ya kuandika herufi kwa namba, ambao herufi moja yaweza kuwa baiti kadhaa) zinazounda ile ritifaa iliyopinda. Tatizo ni kijajuu cha Content-Type (mstari wa juu ya barua unaotaja aina ya maandishi yake) kinachodai charset=windows-1252, usimbaji ambao kila herufi ni baiti moja. Programu mpya inakitii na kuisoma kila baiti peke yake: â, €, ™. Ya zamani ilikuwa ikikisia usimbaji kimyakimya, ndiyo maana kasoro haikuonekana. Kwa maoni yangu inayotii kijajuu ndiyo yenye haki, hata kama inakera.

Nimeandika skripti fupi ya Python: mwili wa ujumbe ukishasimbuliwa ukiwa na baiti zinazozidi 127, na zote zikapita kama UTF-8 halali, charset inabadilishwa. Maandishi halisi ya windows-1252 ni nadra kupita mtihani huo kwa bahati. Inafanya kazi kwenye nakala tu. Faili la asili haliguswi.

Jumapili. Barua za mzuka: hazina mtumaji wala mada, na tarehe yake ni 1 Januari 1970, sifuri ya saa za kompyuta, inayojitokeza tarehe halisi ikikosekana. Hiyo ni mbox na ukale wake. Humo barua mpya hutambuliwa kwa mstari unaoanza na "From" na nafasi. Mtu akibandika maandishi ya Kiingereza, na mstari mmoja ukaanza hivyo, barua inakatwa vipande viwili. Programu nyingi hutanguliza alama ya > kuzuia hilo. Ile ya zamani haikuwa na habari. Nimeziongeza kwa mkono.

Jumatatu. Sasa nyuzi, yaani barua na majibu yake zikipangwa pamoja, na hapa ndipo kazi ilipo. Majibu ya watu yanaelea peke yake, mbali na barua zangu walizokuwa wakizijibu. Vijajuu vyao havina kasoro: In-Reply-To ipo, References ipo, zote zikitaja barua inayojibiwa. Anayekosekana ni mzazi. Nakala za barua nilizotuma hazina Message-ID (kitambulisho cha pekee cha kila barua) hata moja, kwa sababu programu ya zamani ilihifadhi nakala kwanza, kisha ikaiachia seva iweke kitambulisho njiani. Wapokeaji wakakipata, mimi sikukipata.

Kumbe kitambulisho kilirudi ndani ya majibu yenyewe. Skripti ya pili inasoma In-Reply-To ya kila jibu, inatafuta barua niliyomtumia mtu huyo kabla ya hapo yenye mada ileile (ikiondoa "Re:"), kisha inaipachikia Message-ID hiyo. Zikipatikana barua mbili zinazofanana, nalinganisha maneno yaliyonukuliwa. Barua ambazo hazikujibiwa nimeziacha. Hazina uzi wa kuungwa.

Nilipofungua programu hapakubadilika kitu, mpaka nilipofuta faharasa yake (orodha ya barua inayojiwekea) na kuiacha ijengwe upya. Nyuzi zikajiunga.

Bado sahihi yangu inaonekana kama sehemu ya barua. Kitenganishi chake ni vistari viwili na nafasi moja, na kihariri kipya kinafuta nafasi za mwisho wa mstari. Kesho nitazima mpangilio huo.