Mtindi wa kugandisha
Jamani, watoto wangu hapa Goma siku hizi hawaniombi biskuti! Nachukua mtindi wa maziwa yanayotoka Masisi, karibu na hapa, nauchuja kwa kitambaa safi usiku kucha ndani ya friji. Maji yake yakitoka, haushiki barafu ngumu ile ya kuumiza meno. Asubuhi naukoroga na marakuja (pasheni) na ndizi iliyoiva mpaka ganda lina madoa. Sukari siweki, ndizi inatosha. Namimina kwenye sinia lenye karatasi, wembamba kama chapati, naingiza friza. Baada ya masaa matatu hivi unauvunja kwa mkono. Umeme ukikatika? Tunaula na kijiko, basi. Mama mkwe analalamika eti baridi italeta kikohozi, lakini kipande chake amekificha humo frizani chini ya sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu.