Kupigana juu ya farasi: meza nyingi hukosea wapi

Katika Dungeons & Dragons (mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika kwa kurusha dadu), toleo la 5, sheria za 2014, kupanda au kushuka hugharimu nusu ya mwendo wako: mwenye mwendo wa futi 30 kwa zamu hutumia 15. Farasi awe mkubwa kwako kwa angalau daraja moja la ukubwa.

Ukimwongoza mwenyewe, hucheza katika zamu yako, lakini ana matendo matatu tu: kuongeza mbio, kujitoa (kuondoka bila kupigwa) au kukwepa. Hapigi kwato! Hapa ndipo wengi hukosea, wakampa farasi wa vita mashambulizi ya bure.

Mkuki wa mpandafarasi ndio utamu wenyewe. Hupiga 1d12 (madhara ya dadu moja ya pande 12), hufika futi 10, na ukiwa juu ya farasi unatosha mkono mmoja, kwa hiyo ngao inabaki. Simama futi 10 kutoka kwa adui, piga, ondoka. Adui wa kawaida hufika futi 5, hivyo hapati pigo la bure unapoondoka, na farasi anaweza kuongeza mbio: futi 120 kwa zamu. Usimkaribie hadi futi 5, maana hapo unarusha dadu mbili na kuchukua ndogo.

Udhaifu ni uhai wa mnyama. Farasi wa vita ana alama 19 tu za uhai, na moto wa dragoni humteketeza mara moja.